Wahesabuni na Hao Waliorudi



Ndugu yangu, dada yangu, leo tuambiane ukweli. Kila inapotoka habari kwamba mwanajeshi wa Marekani aliyepigana Iraq au Afghanistan amejitoa uhai, vijana wetu wanakimbilia kwa komenti kuandika maneno mawili: "Wacha wajimalize." Wengine wanaweka vicheko. Na akiwa ni askari wa hapa kwetu, maneno ni yale yale: si alikuwa akitutesa, basi imemrudia.

Hasira hiyo naijua inatoka wapi, na sitajifanya siijui. Lakini imetufumba macho. Wamarekani wametumia zaidi ya miaka kumi na mitano, na mamilioni ya dola, kuuliza maswali mawili: kwa nini askari wanajiua, na ni kitu gani kinachomzuia mtu asijiue? Majibu waliyoyapata yanamhusu kaka yako aliyerudi kutoka Somalia. Yanamhusu jirani yako aliyeacha jeshi na sasa hatoki nyumbani. Yanakuhusu na wewe ambaye hujawahi kushika bunduki. Anayecheka hasomi, na asiyesoma hana cha kudai.

TUANZE NA HESABU

Juni 2021, mradi wa Costs of War wa Chuo Kikuu cha Brown ulitoa ripoti. Wanajeshi wa Marekani waliouawa katika operesheni za vita tangu Septemba 2001 walikuwa 7,057. Waliojiua katika kizazi hicho hicho cha vita, walio kazini pamoja na walioacha jeshi, walikadiriwa kuwa 30,177. Piga hesabu mwenyewe: zaidi ya mara nne. Mwaka 2022 peke yake, idara ya serikali inayoshughulikia wanajeshi wa zamani iliandika vifo 6,407 vya kujiua, wa vita vyote na hata wale ambao hawakuwahi kwenda vitani. Ni watu 17 au 18 kila siku ya Mungu.

Sasa najua kuna mmoja anayesoma hapa na kuuliza: na maiti zetu je? Nani aliwahesabu watoto wa Iraq na Afghanistan? Swali zuri. Jibu lake ni kwamba mradi huo huo wa Costs of War ndio uliowahesabu. Makadirio yake ni raia zaidi ya 432,000 waliouawa moja kwa moja na vita vya Iraq, Afghanistan, Pakistan, Syria na Yemen. Daftari ni moja. Aliyeketi kuhesabu askari waliojiua na aliyeketi kuhesabu raia waliolipuliwa wako katika kazi moja, ya kuwanyima wakubwa nafasi ya kuficha bei ya vita vyao. Ukicheka ukurasa mmoja wa daftari hilo, umewasaidia wanaotaka kulichoma lote.

HESABU HAIKUJA KWA HISANI

Usidhani Marekani ilianza kuhesabu kwa sababu ina huruma kuliko wengine. Ililazimishwa.

Desemba 2005, Joshua Omvig, askari wa akiba wa miaka 22 kutoka Iowa, alijiua baada ya kurudi kutoka Iraq. Wazazi wake hawakukubali kunyamaza kwa aibu. Walisema jina la mtoto wao hadharani, wakawafuata wabunge, na Novemba 2007 ikatiwa saini sheria inayobeba jina lake, ya kuilazimisha serikali kuwa na mpango wa kuzuia kujiua kwa wanajeshi wa zamani. Mwezi huo huo kituo cha televisheni cha CBS kilitangaza takwimu kilizokusanya jimbo kwa jimbo, majimbo 45. Katika mwaka 2005 pekee, wanajeshi wa zamani wasiopungua 6,256 walikuwa wamejiua. Wakubwa wakazipinga hesabu hizo.

Halafu ikaja kesi iliyofunguliwa na mashirika ya wanajeshi wa zamani huko San Francisco, na Aprili 2008 barua pepe za ndani zikaanikwa. Mkuu wa afya ya akili wa idara alikuwa amemwandikia msemaji wao kwamba wagonjwa wapatao 1,000 kila mwezi, kati ya wanaotibiwa katika hospitali zao, wanajaribu kujiua. Na barua yenyewe ilianza kwa kuomba jambo hilo lizungumzwe kimya kimya.

Baada ya fedheha hizo ndipo fedha za utafiti zikatoka kwa wingi. Mwaka 2009 jeshi la nchi kavu likaanzisha utafiti mkubwa pamoja na taasisi ya taifa ya afya ya akili. Mwaka 2010 wizara ya ulinzi ikafadhili muungano wa watafiti wa kujiua jeshini, ukiongozwa na Thomas Joiner wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida na Peter Gutierrez wa Denver. Wazazi walisema, waandishi wakahesabu, mahakama ikafungua makabati, ndipo wanasayansi wakapewa kazi. Shika mpangilio huo, tutaurudia.

WALIGUNDUA NINI?

La kwanza lilivunja kile ambacho wengi wetu tungependa kuamini, kwamba askari anajiua kwa sababu ya vita tu. Utafiti wa jeshi la nchi kavu uliangalia askari wa ngazi za chini waliojaribu kujiua kati ya 2004 na 2009, ukakuta 6 kati ya kila 10 hawakuwa wamepelekwa vitani kabisa. Hatari ilikuwa kubwa zaidi mwezi wa pili wa kazi, wakati kijana bado ni kuruta, ametolewa kwao, amenyolewa, anapigiwa kelele usiku na mchana. Hii haina maana vita havina lawama. Uchunguzi wa askari waliopigana Vietnam ulionyesha kwamba wale waliokuwa na uzoefu mzito zaidi wa kuua watu walikuwa na uwezekano mara mbili wa kuwa na mawazo ya kujiua. Dhamiri ina jeraha lake, na jeraha hilo halionekani kwa eksirei. Kwa hivyo njia za kufika ukingoni ni nyingi, na mwenye kusema "vita tu" au "imani yake ilikuwa dhaifu tu" hajatazama.

La pili ni la Joiner mwenyewe, mtu ambaye baba yake mzazi alijiua. Anasema hatari kubwa inakuja pale mambo matatu yanapokutana kwa mtu mmoja. Anajiona hana kwao, hakuna kundi analolimiliki. Anajiona ni mzigo, kwamba watu wake watapumua akiondoka. Na amezoea maumivu na kifo mpaka woga wa asili umemtoka. Sasa mfikirie askari aliyeacha kazi. Kikosi kilichokuwa familia yake hakipo tena. Mshahara umekatika, mke ndiye anayelisha nyumba. Na woga wa kifo alifundishwa kuuua tangu siku ya kwanza ya mafunzo. Huhitaji shahada kuelewa hapo.

La tatu ndilo nataka ulishike kwa mikono miwili, manake linatugusa nyumbani. Kijana wetu akijaribu kujiua na akaokolewa, tunafanya nini? Tunamketisha, wazee wanamzunguka, anaambiwa aape. Weka mkono hapa, sema wallahi sitarudia. Anaapa huku analia, wote tunatoka tumetulia moyo. Sasa sikia. Katika kambi ya Fort Carson, Colorado, watafiti wakiongozwa na Craig Bryan waliwachukua askari 97 waliokuwa hatarini. Wengine waliahidi kutojiua, kama sisi tunavyowaapisha vijana wetu. Wengine walikaa na mtu, wakaandika kwenye kadi ndogo kwa mkono wao wenyewe: dalili zinazonijulisha kwamba nazama, mambo ninayoweza kufanya mwenyewe kutulia, sababu zangu za kuishi, watu wa kuwapigia simu, mahali pa kukimbilia usiku. Kadi wakatia mfukoni. Baada ya miezi sita, walioahidi walijaribu kujiua kwa kiwango cha 19 kati ya 100. Wenye kadi, 5 kati ya 100.

Kiapo kinamtuliza anayeapisha. Kadi inamsaidia anayezama saa nane za usiku, wakati kiapo kimeshasahaulika na akili imefunga. Katika kambi hiyo hiyo, utafiti mwingine wa askari 152 uliochapishwa 2015 ulionyesha kwamba vikao vifupi vya tiba ya mazungumzo, takriban 12, vilipunguza majaribio ya kujiua kwa 60% katika miaka miwili. Vikao 12! Sisi tunaambiana hii ni kazi ya matajiri na wazungu.

La nne ni la kujuliana hali. Jerome Motto, daktari wa San Francisco, alikuwa askari katika Vita vya Pili vya Dunia, na alikumbuka barua alizotumiwa akiwa vitani zilivyomshika moyo. Baadaye aliwachukua watu 843 waliolazwa kwa huzuni kali au mawazo ya kujiua, kisha wakakataa kuendelea na tiba. Nusu yao aliwatumia barua fupi kwa miaka mitano. Hazikuwa na mawaidha wala masharti, ni kuwajulisha tu kwamba kuna mtu anawakumbuka. Waliopata barua walijiua kwa kiwango kidogo zaidi, hasa miaka miwili ya kwanza. Muungano ule wa watafiti wa jeshi ukalijaribu jambo hili kwa simu. Askari na wanamaji wa Marine zaidi ya 650 walifuatiliwa, nusu yao wakatumiwa jumbe fupi 11 katika mwaka mmoja, moja ikiwa siku yao ya kuzaliwa. Nitakuwa mkweli kwako: kwenye vipimo vikuu walivyoweka, tofauti haikuonekana. Lakini waliojaribu kujiua walikuwa 9% kwa waliotumiwa jumbe, na 15% kwa wasiotumiwa. Jumbe kumi na moja. Wewe kwa siku unatuma jumbe mia za vichekesho.

La tano ni silaha. Zaidi ya 7 kati ya 10 ya wanajeshi wa zamani wa Marekani wanaojiua hutumia bunduki. Uswisi, ambako askari huweka bunduki ya jeshi nyumbani, ilipunguza jeshi lake karibu nusu mwaka 2003. Bunduki zikapungua majumbani, na kujiua kwa wanaume wa umri wa jeshi kukashuka. Wengi wao hawakutafuta njia nyingine. Kwa nini? Kwa sababu wimbi la kutaka kufa huja na likapita. Ukimtenganisha mtu na silaha kwa saa chache, mara nyingi umemtenganisha na kifo chenyewe. Wale wanaosema "aliyeamua ameamua" wanasema uongo unaoua.

UTAFITI NAO UNA UPOFU WAKE

Sikuambii uwaabudu watafiti. Tangu 2017 idara ile ya wanajeshi wa zamani inatumia programu ya kompyuta kuchagua walio hatarini zaidi ili wafuatwe mapema. Mwaka 2024 waandishi wa habari wakafichua kwamba programu hiyo ilikuwa ikimpa uzito mwanamume mweupe, na haikuhesabu unyanyasaji wa kingono jeshini, jambo ambalo wanawake wengi wamepitia. Ikabidi irekebishwe. Hata hesabu inayookoa inaweza kumruka mtu, na anayerukwa mara nyingi ni yule yule ambaye kila siku anarukwa.

Na kuna la karibu nasi zaidi. Machi 2016, kuruta Mwislamu wa miaka 20, mtoto wa wahamiaji kutoka Pakistan, alikufa katika kambi ya mafunzo ya Marine huko Parris Island. Jeshi lilisema alijiua. Familia yake haijakubali mpaka leo. Kisichobishaniwa ni kwamba mkufunzi wake alikuwa na mazoea ya kuwatesa makuruta Waislamu, kuwaita magaidi, na kuruta mwingine Mwislamu aliingizwa ndani ya mashine ya kukaushia nguo. Mkufunzi huyo alihukumiwa kifungo cha miaka 10 mwaka 2017. Rudi kwa maneno ya Joiner: kujiona huna kwenu. Wako wanaokutwa na hisia hiyo, na wako wanaopigwa nayo kama fimbo. Kwa hivyo ukisema mambo haya hayatuhusu Waislamu, umewasahau hata walio wako.

NA HAPA KWETU JE?

KDF iliingia Somalia Oktoba 2011. Januari 15, 2016 kambi ya El Adde ikashambuliwa. Januari 27, 2017 ikawa zamu ya Kulbiyow. Wakenya walisubiri idadi rasmi ya waliokufa El Adde, na kwa miaka serikali haikuitoa. Sasa jiulize: nchi isiyotaka kuhesabu waliouawa na adui, itawahesabu wanaojiua wakiwa wamerudi nyumbani? Uliwahi kusikia ripoti ya kila mwaka, iliyowekwa wazi kwa umma, ya wanajeshi na wanajeshi wa zamani wa Kenya waliojitoa uhai?

Waingereza walichunguza walioacha jeshi lao kati ya 1996 na 2005, wakakuta vijana chini ya miaka 24 walikuwa na hatari mara mbili hadi tatu ya kujiua kuliko vijana wenzao wa uraiani. Sasa mtazame kijana aliyetoka jeshini mapema hapa kwetu. Nani anampigia simu mwezi wa kwanza? Wa pili? Nani ana kadi yake?

Na tusiseme serikali peke yake. Kwa miongo mingi sheria yetu, kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, ilimfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, kifungo hadi miaka miwili. Anatolewa hospitali anaingizwa seli. Januari 9, 2025 Mahakama Kuu, mbele ya Jaji Lawrence Mugambi, ilitamka kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume cha Katiba. Alhamdulillah. Lakini mahakama haiwezi kufuta sheria tuliyoiandika mioyoni. Bado nyumbani kwetu tunaambia majirani "alipatwa na presha." Bado jina la marehemu linatajwa kwa kunong'ona. Bado aliyeokoka anatazamwa kama aliyetia doa ukoo.

Ndiyo, kujiua ni haramu, na hakuna anayebishana hapo. Lakini uharamu wa kuzama haukupi ruhusa ya kusimama ufukweni ukicheka. Uharamu huo ndio unaokulazimisha uingie majini.

TUNACHODAI

Moja: KDF na vyombo vyote vya usalama vihesabu vifo vya kujiua, walio kazini na walioacha, na vichapishe idadi kila mwaka. Bila majina, bila kuwaanika jamaa, lakini bila kuficha.

Mbili: kila anayeacha jeshi afuatiliwe kwa simu angalau mwaka mzima, na watu waliofundishwa, si karani wa kujaza fomu.

Tatu: askari anayesema "siko sawa" asipoteze cheo wala mshahara. Akipoteza, wenzake watajifunza kunyamaza, na kunyamaza tunajua kunaishia wapi.

Nne: nchi ina Mkakati wa Taifa wa Kuzuia Kujiua wa 2021–2026. Tuonyeshwe wanajeshi na wanajeshi wa zamani wako ukurasa gani, na bajeti yao iko wapi.

Tano ni yetu sisi. Msikiti una daftari la harusi na la michango ya janaza. Uwe pia na watu wawili watatu, wanaume na wanawake, waliojifunza kukaa na mtu na kuandika naye ile kadi.

Utasema: hawa askari wengine ndio waliowachukua vijana wetu usiku. Najua, na haki ya vijana hao hatutaiacha hata siku moja. Aliyedhulumu apelekwe mahakamani akiwa hai, ajibu akiwa hai. Maiti haijibu maswali. Haki tunayoitafuta inataka watu wabaki hai, wote, waliodhulumiwa na waliodhulumu.

Basi fanya hivi leo, kabla hujasambaza ujumbe huu. Fikiria mtu mmoja unayemjua aliyevaa sare akarudi amebadilika. Mpigie. Usianze kwa mawaidha, muulize hali. Ukiona dalili, muulize waziwazi: "Unawaza kujiua?" Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo kichwani, na huenda ikawa mara ya kwanza mtu kuthubutu kumuuliza. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, na kama kuna silaha karibu, iondolewe.

Na kama anayezama ni wewe unayesoma hapa, sikia: wewe si mzigo. Piga 1199, laini ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, au mwambie mtu mmoja usiku huu huu.

Allah awahifadhi walio ukingoni, na atupe sisi masikio ya kuwasikia mapema.

Mwonyeshe mwenzako. Na ile komenti ya "wacha wajimalize", rudi uifute.